Mwanagenzi wa Chuma na Kinyozi Wake

12 Machi

Baba watoto,

Nimefika salama, na jambo la kwanza nililofanya huku ni kuiua simu yetu. Niliinama kunawa mikono kwenye pipa la maji la getini, ikachomoka kifuani ikazama bila kuaga. Fundi simu ameitazama kama daktari anavyotazama maiti. Kwa hiyo mpaka nipate nyingine, tutaandikiana. Sioni hasara kubwa. Kwenye simu mama hutunyang'anya, watoto wanapiga kelele, na sisi tunaishia kusema "haya, haya, basi." Kwenye barua utanisikiliza mpaka mwisho, upende usipende.

Wanagenzi tuko kundi dogo. Wanawake ni mimi na msichana mmoja anayejifunza kuchomelea, ndiye ninayelala naye chumba kimoja. Wengine wote ni vijana, na mimi wameshanibatiza Shangazi. Sikukasirika. Shangazi ana heshima yake. Msimamizi wetu anaitwa Spana kwa sababu ni mwembamba, mgumu, na kichwa chake kimeinamia upande mmoja.

Siku ya kwanza alitusimamisha uwanjani akasema: "Hapa mnalipwa huku mnajifunza. Sitaki kusikia mtu ananiambia yeye ni mwanafunzi tu. Anayelipwa ni fundi, hata kama hajui kitu." Kwanza tunafunga nondo chini: unapishanisha vyuma, unazungusha waya, unakaza kwa koleo, unakata. Lakini kabla ya miezi mitatu kwisha kila mmoja wetu lazima awe amepanda nguzo na kukaza bolti za boriti huko juu. Asiyepanda, nafasi yake anapewa mwingine.

Kesho tunaanza mazoezi ya kupanda. Usiwaze. Tangu kiwanda cha magunia kifungwe nimekaa bure vya kutosha. Sikuja huku kutazama mawingu kutoka chini.

Mkeo


21 Machi

Mke wangu,

Barua yako imefika. Imesomwa na mimi, imesomwa na mama, kisha imesomwa na wateja wawili ambao hawakuombwa. Hivyo ndivyo kibanda cha kinyozi kilivyo, ukifungua bahasha umefungua mkutano.

Watoto wazima. Mkubwa ameanza kumsuka mdogo wake, na mdogo amekubali kwa sharti kwamba asivutwe, kwa hiyo anatembea na kichwa kilichosukwa nusu. Mama anasema hajawahi kuona nyumba ambayo mwanamke anakwenda kujenga ghorofa na mwanamume anabaki kuosha vyombo. Nikamwambia, "Mama, vyombo vyenyewe havina ghorofa, naviweza." Amenuna mpaka leo.

Kuhusu kupanda: panda! Mimi sina wasiwasi hata chembe. Nimewaambia watu wote kibandani kwamba kichwa cha mke wangu hakizunguki. Kila anayekaa kwenye kiti ananiuliza umefika wapi.

Huo mkanda wa usalama mnaovaa, unafungwa wapi? Kiunoni au mabegani? Nauliza tu.

Mumeo, Kinyozi


2 Aprili

Baba watoto,

Nimepanda! Waambie wa kibandani. Nimefika ghorofa ya nne, nimekaza bolti, nimeshuka, na bado ni mimi yule yule. Ukiwa juu watu wa chini ni kama punje za mtama, na upepo unakupiga usoni kama unakusalimia. Spana ameniambia nina miguu ya paka. Vijana wanakuja kuniuliza nafanyaje.

Mkanda unafungwa mabegani, kiunoni na mapajani. Nikiuvaa natembea kama mtoto aliyefungwa nepi, lakini unashika vizuri. Una ndoano za kunasia kwenye waya. Huna haja ya kuuwaza.

Wabusu watoto. Mwambie mama namsalimia, na vyombo visafishwe na chini pia.

Mkeo


2 Aprili

Wifi yangu,

Barua niliyomwandikia kaka yako leo ni ya uongo, ukiondoa salamu. Nakuandikia wewe kwa sababu nisipomwambia mtu nitapasuka.

Sijapanda. Nguzo ya mazoezi haifiki hata paa la nyumba yenu. Nilifika katikati, mikono ikagoma. Akili inaiambia, achia hapa, shika pale. Mikono inasema hatukujui. Nilikaa pale nimekumbatia chuma, jasho linanitiririka mpaka kwenye viatu, mpaka Spana akapanda nyuma yangu akawa anabandua vidole vyangu kimoja kimoja na kuvishusha. Hakunigombeza. Vijana hawakucheka, na hilo ndilo lililoniuma, maana mtu hachekwi anapoonewa huruma. Mara ya pili hata miguu haikuondoka ardhini.

Sasa nafunga nondo. Nondo naziweza, wifi, mikono hii imeshona magunia miaka mingi na waya haunishindi. Lakini wenzangu wanapanda mmoja mmoja, na kijana tunayemwita Mrefu, niliyekuwa nafunga naye, juzi amehamishiwa juu. Mwezi wa tano ukiisha nikiwa bado chini, nafungasha.

Nitaanzaje kumwambia? Amewatangazia watu wote. Ameandika "sina wasiwasi hata chembe." Fahari imemjaa mpaka inamwagika, halafu mimi nimwambie mkeo alikwama kwenye nguzo kama paka wa jirani? Nikipanda kweli, uongo utageuka ukweli na hatajua mtu. Tafadhali usimwambie.

Wifi yako


11 Aprili

Mke wangu,

Ghorofa ya nne! Barua yako niliisoma nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena nimekaa. Kibandani walipiga makofi. Mzee mmoja alisema wewe ni simba, nikamwambia simba hapandi ghorofa, atafute mnyama mwingine.

Wateja wana maswali, ndiyo maana nauliza. Upepo huko juu unavuma zaidi wakati gani? Mvua ikianza mnashuka au mnangoja iishe? Chuma kikilowa kinateleza? Na hizo ndoano, anazikagua nani? Mmoja alitaka kujua kama viatu ulivyopewa ni vipya au vilivaliwa na mtu mwingine.

Kibanda siku hizi nakifungua mchana, maana asubuhi watu ni wachache. Nakula vizuri, nalala vizuri. Endelea kupanda. Hatuna hofu hapa.

Mumeo, Kinyozi


13 Aprili

Wifi,

Siri yako nimeimeza ikakataa kushuka. Sasa sikiliza na ya upande wa pili, maana kaka naye amenifunga mdomo.

Wiki iliyopita amemkata mteja sikio. Si sana, lakini yule bwana aliondoka na kichwa kilichonyolewa upande mmoja, hakurudi kudai upande wa pili. Asubuhi hafungui kibanda kwa sababu asubuhi mikono inamtetemeka, si kwa sababu wateja ni wachache. Chakula anakisogeza kwenye sahani kama anatafuta kitu kilichopotea. Mama anadhani ana mwanamke. Nimemwambia ndiyo, anaye, yuko ghorofa ya nne.

Na juzi nimemkuta kwa jirani yetu anayejenga. Ameegemeza ngazi ukutani, anapanda. Akafika katikati, akashuka, akakaa kwenye matofali na uso wa majivu. Nikamuuliza, "Kaka, unafanya nini?" Akasema, "Nataka kujua anaona nini."

Nilirudi kwenye cherehani yangu, lakini sikushona kitu siku hiyo.

Anaogopa kukuandikia kwamba anaogopa, asije akakutia hofu ukiwa juu. Na wewe hauko juu! Unamdanganya ili afurahi, naye anakufa. Yeye anakudanganya ili upande, nawe unakufa. Mimi niko katikati kama ulimi kati ya meno. Mwandikie ukweli. Usipomwambia wewe nitamwambia mimi, na unajua mimi sina sauti ndogo.

Wifi yako, wa cherehani


18 Aprili

Mke wangu,

Redio imesema asubuhi hii kwamba fundi ameanguka kwenye jengo la chuma huko kwenu. Hawakutaja jengo. Wamesema "fundi ameanguka," basi, wakaenda kwenye mpira. Hawakusema mwanamume, hawakusema mwanamke. Lugha yetu hii ina neno la kila kitu, kasoro hilo nililolitaka.

Nimepiga simu ofisini kwenu tangu taarifa ile. Inaita, haipokelewi. Basi la asubuhi limekwisha kujaa, nimemwomba dereva nisimame mpaka huko, amekataa, lakini ameahidi kuifikisha barua hii getini yeye mwenyewe na kurudi na jibu.

Andika neno lolote. Niandikie hata matusi.

Mama nimemwambia redio imeharibika. Watoto hawajui.

Kama ni wewe, na hii unasomewa na mtu, ujue ya kwamba

Hapana. Sitaandika hivyo. Jibu.

Mumeo


18 Aprili

Mume wangu,

Mimi mzima. Hilo naliandika kwanza ili upumue. Mimi mzima, sina hata mchubuko, dereva amesimama hapa mbele yangu anaweza kushuhudia.

Jengo ni letu. Aliyeanguka ni Mrefu, yule kijana niliyekuwa nafunga naye nondo. Hakuwa juu sana, na hiyo ndiyo pona yake. Alikuwa anahama kutoka boriti moja kwenda nyingine, akatoa ndoano kabla ya kunasa ya pili, na mguu ukateleza hapo hapo katikati. Chini palikuwa na rundo la mchanga. Mguu umevunjika na mbavu zimeumia, lakini anaongea. Alipokuwa anapakiwa kwenye gari alikuwa anaulizia kiatu chake kimoja. Simu ya ofisini haikupokelewa kwa sababu sote tulikuwa uwanjani. Kazi imesimamishwa mpaka wakaguzi wamalize.

Mimi ndiye niliyemfikia wa kwanza. Nilimshika kichwa kisicheze mpaka gari lilipokuja. Na hapo ndipo penye neno langu, baba watoto. Nilimfikia wa kwanza kwa sababu nilikuwa chini. Huwa niko chini. Sijapanda kokote. Hakuna ghorofa ya nne, hakuna upepo wa kunisalimia, Spana hakusema habari za paka. Nilikwama kwenye nguzo ya mazoezi nikashushwa kidole kwa kidole. Nilidhani ukijua utaona aibu mbele ya watu wako.

Wifi ameniandikia. Najua habari za sikio, najua habari za sahani. Nakuomba usiipande tena ile ngazi ya jirani.

Dereva anatazama saa.

Mkeo


29 Aprili

Mama watoto,

Nimechelewa kujibu kwa sababu barua ya kwanza niliyoandika haikuwa na adabu, na ya pili ilikuwa na adabu mno.

Nilipofika pale uliposema "sijapanda kokote" nilicheka kwa sauti mpaka mteja akaniomba niuweke wembe chini. Nilifurahi, wallahi. Kisha nikamfikiria yule kijana na mama yake, furaha ikaniaibisha. Kisha ikaja hasira, nayo ikakaa.

Hivi unajua ulichonifanyia? Wewe ulikuwa chini, umekanyaga ardhi, unakula chakula chako. Aliyekuwa juu ni mimi. Kila upepo ulipovuma hapa nilishika kitu. Mvua ikinyesha bati linanisomea majina ya mifupa yako. Nimeishi ghorofa ya nne karibu wiki mbili, bila mkanda.

Lakini na mimi nilikuandikia "sina wasiwasi hata chembe." Chembe kweli sikuwa nayo. Nilikuwa nao gunia. Niliona nikikuambia ukweli utatetemeka ukiwa juu, kwa hiyo nikakuhimiza upande. Tumedanganyana kwa mapenzi, lakini ni uongo vilevile.

Sasa nasema rudi. Hapana, sisemi rudi. Nimeliandika, nikalitazama, nikaona hilo ni la kunituliza mimi, halikusaidii wewe. Nakukumbuka ulivyokaa kwenye kizingiti baada ya kiwanda kufungwa, unakunja na kukunjua kitambaa chako cha kazi. Ukitaka kubaki, baki. Ukitaka kurudi, mlango unaujua. Watu wa kibandani nimewaambia ukweli, na mmoja akasema hata yeye hawezi kupanda juu ya meza.

Ila kuanzia leo, ukiogopa, andika "naogopa." Neno hilo nitalibeba. Ninaloshindwa kubeba ni ushujaa.

Mumeo


22 Mei

Mume wangu,

Nimepanda. Safari hii muulize yeyote.

Kazi ilipofunguliwa Spana alitukusanya akauliza nani bado anaogopa. Vijana wakatazama viatu vyao. Mimi nikanyoosha mkono. Akasema, "Na mimi pia. Shangazi, utapanda na mimi." Akanifundisha upya chini kabisa, kwenye boriti iliyolazwa juu ya magogo: nasa ndoano ya pili, ivute usikie imeuma, ndipo utoe ya kwanza. Nasa, vuta, toa. Nilirudia mpaka yule msichana wa kuchomelea akaniambia nayasema usingizini.

Sikupanda kama nilivyokuandikia ule uongo. Nilipanda vibaya. Nilisimama njiani mara nyingi, na kila niliposimama Spana aliyekuwa chini yangu alisimama pia. Nikafika. Nikakaa juu ya boriti nimeitanua miguu kama mtu aliyepanda punda mkaidi. Kreni ikaleta boriti nyingine ikining'inia, naogopa hata kuitazama ikija. Matundu lazima yalingane ndipo bolti ipite, na hayakulingana. Spana akanionyesha, unachomeka mkia wa spana tunduni, unasukuma, chuma kinasogea. Kikasogea. Bolti ikapita. Nati ya kwanza ikaniponyoka, ikashuka, na nilisubiri muda mrefu sana kuisikia ikigonga chini. Moyo wangu ulikwenda nayo. Ya pili nikaikaza.

Wifi aliniambia ulitaka kujua naona nini. Sikuona watu kama punje za mtama. Niliona nati, na kucha zangu, na kutu kidogo pembeni. Basi.

Niliposhuka nilikwenda nyuma ya nondo nikatapika. Nikarudi. Nilidhani Spana atasema neno la kunisifu. Akasema, "Kesho saa moja." Nimepanda kila siku tangu hapo, na jana nimeambiwa ofisini kwamba nafasi yangu ni yangu. Mwezi ujao kundi letu, watu watano, tunahamia ghorofa ya tano. Mrefu ametoka hospitali na magongo, anataka arudi, mama yake hataki, na wote wawili wamenijia mimi niwasemee.

Uliniambia niandike, naandika: naogopa. Naogopa nikipanda, naogopa nikiwa juu, na naogopa sasa hivi nimekaa kitandani, na leo ni siku ya mapumziko. Hofu haijapungua. Ninachoweza ni kufanya kazi nayo imekaa pembeni yangu.

Sasa imekuwa yako pia. Nisamehe.

Mkeo


9 Juni

Mama watoto,

Usishtuke kuona karatasi isiyo na bahasha. Niko ng'ambo ya barabara, nimekaa kwenye benchi la fundi viatu. Nimefika na basi la asubuhi. Watoto wako kwa wifi yako. Mama alinipa maneno mengi ya kukuletea, nimeyaacha kwenye basi.

Mlinzi amekataa kuniingiza, na ana haki. Ameninyooshea kidole tu: "Wale pale juu." Nimewatazama tangu nilipofika mpaka shingo imekufa ganzi. Mko watano kwenye chuma, kofia za rangi moja, na kwa umbali huu kila mtu ni mwembamba. Nilidhani mume humtambua mkewe popote. Nikasema wewe ni yule wa kushoto, namjua kwa mabega. Akavua kofia kujifuta jasho, nikaona kipara, tena kimenyolewa vibaya. Nikasema basi ni yule aliyekaa. Kisha mmoja akainuka akaanza kutembea juu ya boriti, mkono mmoja hewani, nikashika benchi mpaka fundi viatu akaniuliza kama ninaumwa. Nikamwambia, "Mke wangu yuko pale." Akauliza, "Yupi?" Nikamwambia sijui.

Kwa kuwa sijui, nimewaogopea wote watano. Mmoja mmoja, bila upendeleo. Hata mwenye kipara.

Mlinzi amekubali kukupa karatasi hii ukishuka. Fundi viatu amenipa chai na amesogea kunipisha kivulini.

Nipo hapa.

Mumeo